Leah Hakuteleza

Kutoka Singida Mjini hadi Sepuka Leah hakusema kitu, na kutoka Sepuka hadi chini ya mlima Kinyamwe alisema neno moja tu.

"Utasema?"

"Nitasema," alijibu Festo, mumewe, macho mbele kama mtoto wa shule anayesubiri zamu yake ya fimbo. "Si nimeshakuahidi, Mama Loyce? Kwenye kikao, mbele ya wote. Nitasema."

Chenyewe cha kusemwa kilikuwa kifupi. Mwaka jana mwezi wa nane, kwenye mteremko mmoja kule Iramba, Leah akiwa mbele ya gari anamwelekeza mumewe kushuka, aliinua ngumi juu, na ngumi katika mchezo huu maana yake ni simama. Festo hakusimama. Aliachia breki, gari likaja, na tairi la mbele likapita juu ya mguu wa kushoto wa mkewe. Hospitalini walimkata vidole viwili. Festo akawaambia watu kwamba Leah aliteleza.

Aliteleza! Neno hilo lilimfuata Leah mwaka mzima kama inzi wa machinjioni. Wanakwaya wenzake walikuja na kuku wawili na pole nyingi, kisha mmoja wao akauliza alikuwa amevaa viatu gani. Mama mkwe alisema changarawe haina adabu, ila na mwanamke naye anatafuta nini milimani. Leah alijaribu mara moja kuwaambia mawifi zake ukweli. Walimpapasa bega, wakamwambia maumivu humchanganya mtu, na angalia mumeo alivyokuuguza, wangapi wanapata mume wa hivyo? Tangu siku ile alielewa kwamba likitoka kwake litaitwa maneno ya mke mwenye kinyongo. Ilibidi litoke kwenye kinywa kilekile kilichodanganya.

Jambo moja tu alikuwa amemsamehe Festo, kimoyomoyo, bila kuombwa. Siku ile lilikuwa jua la jioni, likimpiga Festo usoni kupitia kioo cha mbele. Hakuniona, Leah alijiambia. Masikioni ana kelele za wanaume, machoni ana jua, hakuniona. Kwa sababu hiyo aliweza kuendelea kumpikia na kulala naye kitanda kimoja.

Kundi lao lilijiita Wapanda Mawe. Walikuwa watu wa mjini wenye magari makubwa, yale ambayo watu huyaita mashangingi: mkamua alizeti kama Festo, wauza saruji, mkandarasi, daktari mmoja wa meno. Kila baada ya miezi miwili walitoka Jumamosi alfajiri, mafuta tangi zima, kwenda kupanda mahali ambapo mbuzi hupanda bure. Ukiwauliza wanafuata nini huko juu, watakuambia hewa. Leah hakuwa na la kuwacheka, maana aliupenda mchezo huu kuliko wengi wao. Alizaliwa chini ya Kinyamwe huuhuu. Utotoni alitangulia mbele ya mkokoteni wa ng'ombe wa baba yake, magunia ya uwele yakishushwa kutoka mashamba ya juu, na ukikosea jiwe moja ng'ombe amevunjika mguu na nyumbani hakuna atakayekusemesha. Alijua kusoma ardhi kabla hajajua kusoma daftari. Kwa hiyo vidole viwili vilipokwenda hakutaka kuacha. Alimwambia Festo kwamba atarudi milimani siku Festo atakaposema ukweli mbele ya kundi zima, na Festo, aliyejua kwamba bila Leah yeye si lolote si chochote kwenye mawe, alikubali.

Magari saba yalijipanga chini ya mlima. Madereva walichuchumaa kila mtu kwenye matairi yake, wakipunguza upepo ili mpira ulale kidogo na kushika mawe. Mzee Gaspari alipita gari kwa gari akikagua. Huyu ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Alikuwa ameendesha gari la wagonjwa miaka thelathini, kwenye barabara ambazo wahandisi wanazijua kwa ramani tu.

"Shikamoo, baba," Leah alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mguu unaendeleaje?"

"Unauma nikikaa kimya."

Mzee alimtazama kidogo, akapiga makofi kuwaita watu kwenye kikao.

Kikao chao kilikuwa cha kusimama, duara mbele ya magari. Mzee Gaspari aliwakumbusha sheria, na sheria ilikuwa moja. Kwenye mahali pabaya, mtu mmoja anasimama nje na kuelekeza kwa mikono. Dereva anaitazama mikono ile tu. Asisikilize mdomo wa mtu, hata wa Mzee Gaspari, hata wa askofu. Mkono ukisema kulia ni kulia, ngumi ikiinuka ni breki, na gari likishindwa linarudi chini kusubiri wenzake watakaporudi kwa njia ya kuzunguka.

"Manahodha wengi, chombo huenda mrama," alimalizia mzee. "Na sisi watu wa Singida hata chombo chenyewe tunakisikia tu. Kuna mwenye neno?"

Leah alimgeukia mumewe. Festo alikohoa. Akapiga hatua moja mbele, akashika mkanda wa suruali.

"Mimi ninalo neno," alisema. "Ni kuhusu usalama. Wote mnakumbuka yaliyotupata mwaka jana."

Leah alisogea hatua moja karibu.

"Mnakumbuka mke wangu alivyoteleza," aliendelea Festo. "Basi ningeomba, wote watakaosimama nje, wavae viatu vyenye meno. Viatu, jamani. Ni hilo tu."

Watu waliitikia. Daktari wa meno akasema ni wazo zuri. Mtu mmoja akatazama viatu vya Leah. Na Leah, mama wa mtoto anayesoma chuo Dodoma, mwimbaji wa kwaya ya kwanza, alimtukana mumewe kwa Kinyaturu, polepole, neno zima bila kupunguza herufi. Aliyelielewa alikuwa Mzee Gaspari peke yake, naye aligeuka upande akajifanya anakagua anga.

Hasira iliyompanda Leah hapo haikuwa ya machozi. Ilikuwa kavu. Alimwona Festo alivyopumua baada ya kusema, kama mtu aliyetua mzigo, na akaelewa kwamba hakuogopa wala hakusahau. Alikuwa amepanga. Njia nzima kutoka mjini, akisema nitasema, nitasema, alikuwa anatafuta maneno ya viatu.

"Ngazi ya Mbuzi, mikono ni ya Leah," alitangaza Mzee Gaspari. "Peke yake."

"Ah, mzee," alidakia Miraji. Huyu alikuwa mkandarasi, mwenye gari jipya kuliko yote na mdomo mkubwa kuliko gari. "Shemeji tumpumzishe kivulini. Na mguu wenyewe ule. Mimi naweza kuwaelekeza vijana."

"Nimesema Leah."

"Shemeji, usinielewe vibaya," Miraji alimgeukia Leah akicheka. "Ni kukuhurumia tu."

Shemeji. Ukitaka kumtoa mwanamke njiani bila kumsukuma, muite shemeji halafu umtandikie kivuli. Leah alichukua fimbo yake ya kupimia mashimo, akatangulia kupanda, akichechemea.

Ngazi ya Mbuzi ni mabamba manne ya jiwe, moja juu ya jingine, kama ngazi aliyoijenga mtu mlevi. Kulia kuna jabali limesimama wima, kushoto kuna korongo lenye kina cha watu wawili. Katikati gari linapita, lakini si kila mahali pa katikati. Kwenye bamba la tatu inabidi usimame, urudi nyuma kidogo, ulaze usukani kulia, ndipo uende. Asiyejua hilo huona uwazi mbele yake akadhani ameshafika.

Gari la kwanza lilikuwa la Mzee Gaspari. Alipanda akiitazama mikono ya Leah kama mtu anayekula kwa adabu, bila kutupa macho pembeni. Likafuata la pili na la tatu. La daktari wa meno liliunguruma sana lakini likasikia. Miraji alipanda wa tano. Bamba la tatu lilimshinda mara ya kwanza kwa kiburi, mara ya pili akatii ngumi, akapita, na alipofika juu akashuka garini akiwa amenyoosha mikono kama mshindi wa mbio. Debe tupu haliachi kuvuma. Mkewe, Stumai, aliyekuwa amekaa kiti cha pembeni, alishuka akaenda kusimama mbali naye. Gari la sita lilipanda bila shida.

Lililobaki ni la Festo. Alikuwa ameomba awe wa mwisho, na Leah alijua kwa nini. Wa mwisho ndiye anayekodolewa macho na kila mtu.

Leah alisimama pembeni ya bamba la nne, si mbele ya gari. Hilo alikuwa amejifunza kwa gharama ya vidole viwili. Aliinua mikono. Hasira yake aliiweka kando kwa wakati ule, kwa sababu mikono ni kazi, na kazi haijui umenuniana na nani. Alimwita mumewe kwa vidole, njoo, njoo. Bamba la kwanza. Njoo. La pili. Kidogo kushoto. Njoo. Matairi ya mbele yalishika ukingo wa bamba la tatu, yakapanda, na Leah akainua ngumi.

Festo alisimama. Ndiyo, alisimama kabisa, na Leah akaanza kuishusha mikono kumwonyesha arudi nyuma.

"Aah, Festo!" sauti ya Miraji ilitoka juu. "Njia hiyo hapo mbele yako, unarudi nyuma unaenda wapi? Kanyaga! Wenzako tumekanyaga! Kanyaga, mwanaume!"

Miraji alikuwa amesimama juu ya jiwe, anapunga mikono yote miwili. Watu wengine wakacheka. Na Leah aliyaona macho ya Festo yakitoka kwenye mikono yake, yakipanda taratibu hadi kwa Miraji, yakakaa huko.

Aliinua ngumi tena. Akainua na ya pili.

Festo alikanyaga.

Gari liliruka. Tairi la mbele kulia likaparamia jabali, mwili wote ukalala kushoto, nyuma ikaserereka, chuma kikalia juu ya jiwe, na gari likakwama kwa tumbo. Tairi la mbele kushoto lilibaki likizunguka hewani juu ya korongo. Ubavu wa kulia ulikuwa umebanwa na jabali, mlango haufunguki. Mlango wa kushoto ulifungukia korongoni. Festo alikuwa ndani, mguu kwenye breki, uso umemgeuka kijivu.

"Usitikisike!" Leah alipaza sauti. "Breki! Weka mguu hapohapo!"

Akawa wa kwanza kufika. Alisukuma mawe nyuma ya matairi, akamwita Mzee Gaspari kwa jina lake, naye alishalirudisha gari lake hadi ukingoni. Walifunga kamba nene ya kuvutia kutoka gari la mzee hadi kwenye fremu ya gari la Festo, upande wa jabali, wakaikaza. Leah aliivuta kwa mikono miwili kuhakikisha. Sasa gari halikuweza kuanguka. Wala halikuweza kutoka.

"Tulivute kwa winchi," alisema Miraji, aliyeshuka akihema. Sauti yake ilikuwa imepungua sana.

"Ukilivuta mbele, sampo ya oili inapasuka juu ya jiwe na nyuma inakwenda korongoni," alisema Mzee Gaspari. "Litatoka lilivyoingia. Kinyumenyume, inchi kwa inchi, kwa mikono."

"Basi mimi—"

"Miraji, funga mdomo," alisema Stumai kutoka nyuma yake. Alisema bila kelele, na Miraji, kwa mshangao wa wote na zaidi wa kwake mwenyewe, akaufunga.

Watu wote walimtazama Leah. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wahenga hawakuwahi kupanda na Wapanda Mawe. Huku asiyesikia anabaki na miguu yake yote miwili, guu linalovunjika ni la mwingine. Leah aliifikiria mikono yake. Angeweza kuiinua sasa hivi, Festo angeshuka, wangempigia makofi, na jioni wakila nyama choma hadithi ingekuwa jinsi Festo alivyotulia kwenye hatari. Yeye angekuwa shemeji aliyesaidia.

Alikwenda hadi dirisha la Festo. Kioo kilikuwa wazi, kati ya mlango na jabali palikuwa na nafasi ya mkono tu. Kila gari lilikuwa na redio ya kuongelea, na kipaza sauti cha Festo kilikuwa kinaning'inia kwenye waya wake. Leah alikivuta, akakibonyeza, akakiweka karibu na mdomo wa mumewe.

"Sema," alisema.

"Leah, nini sasa? Nitoe kwanza!"

"Umefungwa kamba. Huanguki. Sema kilichotokea mwaka jana."

"Hapa?"

"Hapa."

"Mke wangu, haya ni mambo ya ndani. Tutaongea nyumbani."

"Nyumbani tumeongea mwaka mzima, Festo! Asubuhi umeahidi, kwenye kikao umesimama ukawaongelesha watu viatu. Viatu! Mimi sina vidole, wewe unaniletea viatu!" Sauti yake ilipasuka, ikatoka kwenye redio za magari sita juu ya ngazi, ikagonga jabali, ikarudi. "Mikono yangu sitaiinua mpaka useme. Ukitaka, lala humo."

"Mzee Gaspari," Festo aliita kwa sauti nyembamba. "Mzee, mwambie."

Mzee Gaspari alikuwa ameegemea gari lake pale ukingoni. "Mikono ni ya Leah," alijibu. "Mimi nilishasema asubuhi."

Upepo ulipita ukachukua vumbi. Festo alitazama kioo, akatazama korongo, akatazama kipaza sauti mbele ya midomo yake. Jasho lilimtiririka hadi kwenye kola ya shati.

"Mwaka jana," alisema, na sauti yake ikasikika juu kwenye magari yote, "Leah hakuteleza. Alikuwa amesimama vizuri. Mimi ndiye niliyemkanyaga. Niliachia breki."

Hayo ndiyo Leah aliyoyataka. Alisikia kitu kikilegea kifuani mwake, kitu kilichokuwa kimekazwa tangu hospitali. Dada mmoja juu huko alisema Mungu wangu. Leah alianza kuachia kitufe cha redio, na kwa sekunde ile, ingawa hasira bado ilikuwepo, alimwonea Festo huruma, mzee mzima amekaa garini amelala ubavu kama kuku kwenye tenga.

Lakini Festo alikuwa kama mtu aliyeanza kutapika. Hakuweza kuishia nusu.

"Na watu wasije wakasema ni jua," aliendelea, haraka, macho yamefumbwa. "Jua halikunizuia. Niliiona ngumi yake. Niliuona na uso wake. Miraji alikuwa pale pembeni anacheka, anasema mkeo keshakufunga breki. Nikaona aibu, jamani. Kusimamishwa na mwanamke mbele ya wenzangu. Nikajua ataruka. Nikasema moyoni, ataruka huyu. Nikaachia."

Kidole cha Leah kilikuwa bado kwenye kitufe, na kwa muda kila gari lilikuwa linasikia pumzi zake tu.

Aliniona.

Mwaka mzima alikuwa akipigania uongo wa mbele ya watu, kumbe ule mkubwa alijidanganya mwenyewe, usiku kwa usiku, akiuita jua. Alikumbuka jinsi alivyokuwa akimgeukia kitandani na kumfunika shuka. Alikumbuka alivyomtetea kwa Loyce, mtoto alipopiga simu kutoka chuoni akiuliza, mama, kwani baba alikuwa anaangalia wapi? Jua, mwanangu. Jua lilikuwa kali. Hasira ya asubuhi ilionekana sasa kuwa kitu kidogo, karibu cha kitoto. Hii iliyokuja ilikuwa imetulia, na ilijua inakwenda wapi.

Alirudisha kipaza sauti ndani ya dirisha, akakitundika mahali pake.

"Washa gari," alisema. "Weka gia ndogo, rivasi. Nitazame."

Akashuka hadi bamba la pili, upande wa jabali, mahali ambapo Festo angemwona kwenye kioo cha pembeni. Akainua mikono. Watu waliokuwepo siku ile husema hawajawahi kuona gari likishushwa vile. Mikono yake haikumkomoa. Ilimwambia Festo nusu ya inchi na Festo akampa nusu ya inchi. Ilimwambia legeza na akalegeza. Mzee Gaspari naye aliachia kamba kidogokidogo kwa kufuata vidole vyake. Chuma kililia juu ya jiwe, tairi la hewani likashuka, likagusa, likashika. Ngumi. Festo alisimama hapohapo, kabla hata ngumi haijafika juu. Kulia. Njoo. Ngumi. Alisimama. Alikuwa na utii wa kondoo, na kila alipotii Leah alizidi kuona jinsi ambavyo haikuwa kazi ngumu, jinsi ambavyo angeweza siku ile pia, kwamba kutii kwenyewe ni kukandamiza mguu tu.

Alimshusha hadi chini kabisa, kwenye uwanja wa mchanga ambapo walikuwa wamefanyia kikao. Akainua ngumi kwa mara ya mwisho, kisha akakata hewa kwa kiganja. Zima.

Juu watu walipiga makofi, machache, yasiyojua yanampigia nani, yakaisha.

Festo alifungua mlango akashuka. Alikuja kwake amefungua mikono, na usoni alikuwa na ile nafuu ya mtu aliyeungama na sasa anasubiri kubarikiwa.

"Nimesema," alisema. "Umesikia? Nimesema yote, mke wangu. Hata ambayo hukuniuliza."

Leah alirudi nyuma hatua moja. Alifungua mlango wa nyuma wa gari, akachukua mkoba wake na khanga iliyokuwa juu ya kiti, akaanza kupanda Ngazi ya Mbuzi kwa miguu, bamba kwa bamba, akiegemea fimbo. Mguu ulimuuma kila hatua. Festo aliita jina lake mara mbili, lakini sheria ni sheria: gari lililoshindwa linasubiri chini, na dereva haliachi.

Juu, wanaume walimpisha. Miraji alikuwa ametazama ardhi, akichora kwa ncha ya kiatu.

"Shemeji," alisema, "mimi siku ile nilikuwa natania tu. Wallahi nilikuwa natania."

"Mimi si shemeji yako," Leah alisema. "Naitwa Leah. Na leo pia ulikuwa unatania?"

Stumai alimpokea Leah mkoba, akamfungulia mlango wa gari la Mzee Gaspari, si la mumewe, na wote wawili wakapanda humo. Mzee aliingia, akafunga mkanda, akawasha. Hakumuuliza Leah anakwenda wapi. Nyumba ya mama yake Leah ilikuwa upande wa pili wa mlima, na mzee aliijua.

Gari lilipoanza kusogea, redio ikakwaruza.

"Leah? Leah, unanisikia?" Ilikuwa sauti ya Festo kutoka chini, imelowa. "Nimefanya ulichotaka. Nimesema ukweli mbele ya wote, kama ulivyosema. Sasa shuka basi, turudi nyumbani. Leah? Unanisikia, mke wangu?"

Mzee Gaspari alinyoosha mkono azime redio. Leah akauwahi mkono wake, akachukua kipaza sauti, akabonyeza.

"Nimekusikia, Baba Loyce," alisema, na magari yote saba yakasikia. "Ndiyo maana sirudi."